Redio ya Masafa ya Kati

Kuna watu wakikasirika wanafoka, wanabamiza mlango, halafu yanaisha, kesho yake unawakuta wanacheka. Fundi hakuwa wa hivyo. Yeye alinuna. Na akinuna, alinuna kikwelikweli: miaka kumi na mmoja hakukanyaga nyumbani kwa kaka yake wa tumbo moja, na nyumba yenyewe wala haikuwa mbali, dakika arobaini kwa miguu, tena kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

Na sababu? Spika. Siku ya harusi ya binti wa huyo kaka, Fundi ndiye aliyekabidhiwa vyombo vya sauti. Kaka aliposimama kumpa mwanawe neno la mzazi, amplifaya ikakata. Fundi mwingine angechomeka ya akiba, shughuli ikaendelea, na ya akiba ilikuwepo, chini ya meza, miguuni pake. Lakini yeye alitoa bisibisi mfukoni akaifungua ile ile mbovu, palepale mbele ya wageni mia tatu, akainama ndani. Kaka akasema maneno yake yote kwa sauti ya koo tu, na waliokaa nyuma hawakuambulia kitu. Alipomaliza, Fundi bado alikuwa ndani ya amplifaya hadi viwiko. Basi kaka, sijui ni aibu ile au hasira, akageuza mzaha. "Mtuwie radhi, ndugu zangu," akasema. "Mdogo wangu kufungua anajua. Kufunga bado anasoma."

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Fundi akakusanya nyaya zake akaondoka kabla ya keki kukatwa, na ndiyo ikawa basi.

Sasa Jumatatu moja asubuhi, kabla hata hajamaliza kufagia kibanda chake, akaona mtu amesimama mlangoni na mfuko wa ngozi kifuani. Alikuwa yule yule bibi harusi. Amekuwa mtu mzima, amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea."

"Mimi? Haya, tuseme ni mimi." Akauweka ule mfuko juu ya meza. "Baba kanituma. Kasema nikuletee hii."

Fundi akaijua kabla ya kufungua vifungo. Ilikuwa redio ya mkononi ya kaka yake, ya transista sita, masafa ya kati peke yake, iliyonunuliwa zamani wakati wote wawili bado hawajaoa. Ngozi ya mfuko ilikuwa imepasuka kwenye mikunjo, na matundu ya mbele ya spika yalikuwa yamejaa vumbi.

"Ina nini?"

"Haisemi," binti akajibu, akatazama pembeni. Kisha akasema haraka haraka, kama mtu anayetaka jambo limtoke mdomoni: "Baba mdogo, hali ya baba siyo nzuri. Hospitali wametwambia tukae naye nyumbani."

Fundi alivuta stuli akakaa. Hakuhitaji kufafanuliwa maana ya kuambiwa ukae na mgonjwa nyumbani.

"Anakula?"

"Vijiko viwili vitatu. Lakini akili yake nzima. Anataniana na wajukuu."

"Kasema nini hasa? Maneno yake yenyewe."

"Kasema, 'Mpelekee baba yako mdogo. Mwambie ailete mwenyewe.'"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno, hakuna la zaidi wala pungufu. Lakini Fundi alikuwa na masikio yake, akasikia alivyozoea kusikia: itengeneze kwanza, ndipo uilete. Ukutani nyuma yake palikuwa na kipande cha boksi alichokiandika kwa rangi nyekundu, HAPA HATURUDISHI BUBU, na kinyozi wa jirani alikuwa hachoki kukichekea. Ila Fundi hakuwa anatania. Katika umri wake wote wa kazi hakuna redio iliyovuka kizingiti kile bila kusema. Na hii ndiyo ingevuka bubu, iende kwa kaka, yule wa kufungua-anajua-kufunga-bado-anasoma? Thubutu!

"Mwambie kesho," akasema. "Kesho nipo kwake nayo."

Siku ile hakuona haya kuukiri moyo wake. Alifurahi. Kaka kamtuma mtu. Kaka anaumwa, ndiyo, lakini baada ya miaka kumi na mmoja kaka ndiye aliyeanza. Akasukuma pembeni simu mbili za watu na spika ya kanisa, akatandika kitambaa cheupe mezani, akaifungua redio kwa adabu zote.

Ndani hamkuwa na makubwa. Betri zilikuwa zimeanza kuvuja, na springi zake zilikuwa zimeanza kuota kutu ya kijani. Akazisugua kwa msasa mpaka zikang'aa. Kapasita moja ilikuwa imevimba kichwa. Akaing'oa, akalehemu nyingine. Karatasi ya spika ilikuwa nzima. Uzi unaovuta mshale wa stesheni ulikuwa umelegea, akaukaza. Ilipofika saa nane mchana akatia betri mpya, akazungusha gurudumu la sauti, na redio ikavuma: shshshsh, mvumo mzito, wenye afya, kama mchanga unaomwagwa.

"Haya mama, sema," akaiambia.

Akauzungusha mshale taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mvumo. Akaurudisha. Mvumo. Akasimama pale pale kwenye stesheni ya kaka, ile ya tangu na tangu, ya taarifa za habari na salamu za wagonjwa na matokeo ya mpira, mahali ambapo kioo kilikuwa kimechakaa kwa kusimamishwa mshale. Mvumo mtupu. Akaigeuza redio huku na huku, akaipandisha juu ya kabati, akatoka nayo hadi barabarani watu wakimtazama. Wapi!

Jumanne alianza kuikagua kwa njia ya kizamani, aliyofundishwa na bwana aliyemlea kwenye kazi. Unaanzia kwenye spika, unarudi nyuma. Unagusa mguu wa transista kwa ncha ya bisibisi na kutega sikio. Ikijibu tak, hapo ni pazima, rudi nyuma ya hapo. Transista sita, tak sita, hadi kwenye antena yenyewe, ile fimbo nyeusi iliyozungushiwa waya. Kila mahali redio ilimwambia, mimi mzima. Fundi akaijibu, mwongo mkubwa wewe.

Saa kumi simu ikalia. Alikuwa binti.

"Leo kaamka vizuri, baba mdogo. Tumemkalisha dirishani. Kaniuliza, 'Amekuja?' Nikamwambia bado."

"Kuna kitu kidogo tu kimebaki. Mwambie kesho."

"Sawa." Kisha akauliza, "Umeiwasha?"

"Nimeiwasha. Inavuma tu."

"Na wewe unaonaje?"

"Naona nini? Ni mbovu, mwanangu. Niachie mimi."

Binti akaaga.

Jumatano akagusa kisichoguswa. Katika redio za namna ile kuna vikopo vidogo vya bati, na ndani ya kila kikopo kuna skrubu iliyowekwa sawa kiwandani na kuzibwa kwa nta nyekundu. Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba nta ile haivunjwi. Ukiivunja, ukazungusha robo tu, huna vyombo vya kuirudisha ilipokuwa. Fundi alijua hivyo kuliko wote, amewahi kuwatolea ukali wateja waliojaribu. Akaivunja. Akazungusha ya kwanza, akasikiliza, ya pili, akasikiliza, ya tatu. Mvumo ukapungua. Akazirudisha, lakini kurudi wapi? Alama zilikuwa kwenye nta, na nta ilikuwa makombo mezani.

Hapo angalau angeshtuka. Mtu mwenye akili zake timamu angejiuliza swali moja la kitoto, jamani, kosa liko ndani ya redio au nje? Lakini kumbuka, miaka ishirini sasa kazi yake ilikuwa simu, spika na redio za hizi stesheni za kisasa zenye sauti safi. Redio zote za kibandani mwake zilikuwa za masafa hayo mapya. Ya masafa ya kati hakuwa nayo hata moja ya kulinganishia, na wala haikumjia akilini kutafuta. Stesheni ya kaka kwake ilikuwa kama mawingu. Nani anayeamka asubuhi kuuliza kama mawingu bado yapo?

Alhamisi akaishukia antena. Waya wake ulikuwa mwembamba mithili ya unywele, na alipokuwa anaiinua ncha yake, ukakatika. Ilibidi aufumue wote na kuuzungusha upya, mzunguko mmoja mmoja, akihesabu kwa midomo. Alikuwa kwenye hamsini na ngapi sijui simu ilipolia.

"Baba mdogo, njoo tu," binti akasema. Hakusalimia. "Njoo hata bila hiyo redio."

"Nije mikono mitupu?"

"Mitupu hivyo hivyo. Leo hakukaa dirishani. Anakuulizia."

"Sasa unadhani nacheza hapa?" Fundi akapandisha sauti. "Tangu Jumatatu sijanyanyua mgongo! Nimeacha kazi za watu zote! Nikija na mabaki haya kaka atasema nini? Atasema yale yale!"

"Hatasema, baba mdogo."

"Humjui wewe. Mimi namjua tangu hujazaliwa."

Akakata simu. Hesabu ya waya ilikuwa imempotea. Akaanza upya kwa hasira, na chini ya hasira palikuwa na woga, ambao hakutaka kuutazama usoni.

Ijumaa ndiyo siku aliyoiua. Alijiaminisha kwamba transista ya kwanza, ile inayopokea kutoka kwenye antena, imechoka, kwa hiyo akaamua kuitoa aipime pembeni. Transista za zamani hazitaki moto. Unapozilehemu unaubana mguu kwa koleo, joto liishie kwenye chuma cha koleo lisipande juu. Amefanya hivyo maelfu ya mara, hata usingizini angefanya. Siku ile koleo lilikuwa upande wa kushoto wa meza, na yeye alikuwa na haraka. Aliishika pasi ya kulehemu kwa mkono wa kulia, akaitoa transista, akaipima kwa mita, ikawa nzima kabisa. Akairudisha. Alipowasha, redio haikuvuma. Hakukuwa na mvumo, hakukuwa na mkwaruzo, kimya kama maji mtungini. Akaipima tena ile transista, na sasa ilikuwa imekufa. Yeye ndiye aliyeichoma.

Jumamosi alipekua makopo yote ya vipuri, ya juu ya kabati na ya chini ya meza, akamwaga misumari, vioo vya simu, sumaku na vitufe sakafuni, akitafuta transista moja ya namna ile. Hakuipata. Simu ililia saa tano, akaitazama ikilia. Ikalia saa saba. Ikalia tena saa tisa. Alikaa juu ya stuli, mikono mapajani, akijisikia mchafu, mzembe na mzee. Kaka alisema kweli, aliwaza. Ule ukumbi ulicheka kwa haki.

Jumapili mchana kinyozi alikosa wateja, akaja na stuli yake kupiga soga. Alikuwa mtu mwenye mdomo, na hakuna aliyemjua kwa kunyamaza.

"Hee! Hii mali ya makumbusho umeitoa wapi?"

"Ya kaka yangu."

"Na unaichimba hivyo tangu Jumatatu? Mimi nadhani unatengeneza ndege. Inakamata nini?"

Fundi akaitaja ile stesheni.

Kinyozi akamwangalia, akasubiri acheke. Hakucheka. "Si wameifunga ile?"

"Nini?"

"Ile ya masafa ya kati, wameifunga mwaka juzi. Sasa wako kwenye mitambo mipya tu. Shemeji yangu alikuwa kwenye kundi lililoangusha mlingoti, walikaa wiki mbili wanakata vyuma. Ah, na walitangaza bwana! Ila si unajua, walitangaza humo humo kwenye hiyo stesheni, kwa hiyo wasiokuwa wanaisikiliza hawakusikia." Kinyozi alijichekea mwenyewe kwa utamu wa maneno yake, mpaka alipouona uso wa mwenzake. "Vipi, bwana? Unaumwa?"

Fundi alikuwa anaitazama meza. Nta nyekundu iliyovunjika. Waya uliozungushwa vibaya. Transista iliyoungua. Redio ile ilikuwa nzima tangu Jumatatu saa nane mchana. Iliyokufa ni stesheni, na redio aliiua yeye, kwa mikono yake, kwa siku tano, huku ikimwambia kila alipoigusa kwamba haina tatizo.

Aliifunga redio, skrubu nne, akairudisha ndani ya mfuko wake wa ngozi, akatoka bila kufunga kibanda. Dakika arobaini zile alizitembea kwa dakika ishirini na tano, na alipofika shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Binti alikuwa nje anaanika mashuka. Alipomwona baba yake mdogo hakukimbia kumpokea. Alimalizia kubana shuka la mwisho, ndipo akageuka.

"Nimempigia simu mara tatu jana," akasema, kana kwamba anamsema mtu mwingine. "Jana ilikuwa siku nzuri ya mwisho ya baba. Alikuwa anataka kuzungumza."

"Mwanangu, stesheni ilishafungwa. Redio haikuwa mbovu."

"Najua."

"Unajua?"

"Mimi ndiye niliyemwambia baba, mwaka juzi, siku walipoifunga. Kila jioni huwa anaiwasha hivyo hivyo, anasikiliza ule mvumo. Anasema unamtosha." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Nilitaka nikupigie tu simu nikwambie, baba mdogo, njoo, baba anakufa. Akanikataza. Akasema, ukimwita atanuna. Lakini mpe kitu kibovu lazima atakishika. Nikamwambia, baba, mbona hii si mbovu? Akacheka. Akasema, 'Yule ni fundi. Akiiwasha tu atajua hakuna stesheni. Atacheka, atavaa viatu, atakuja.' Alikungoja Jumatatu jioni hiyo hiyo. Alitaka tumnyoe ndevu."

Fundi akasema, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia anakuulizia. Kila siku nilikwambia anakuulizia, baba mdogo. Nilitakiwa niseme nini kingine?"

Fundi akavua viatu akaingia.

Chumba kilinuka dawa na sabuni. Kaka alikuwa amelalia mito miwili, amekuwa mdogo, mabega yamemwisha. Fundi alipiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, kaka."

Kaka akafumbua macho. Akamtazama kwa muda, kwa upole, kama mwenye nyumba anayemtazama mgeni aliyepotea njia.

"Marahaba," akasema kwa sauti ya chini. "Karibu, bwana. Karibu ukae."

"Ni mimi, kaka. Nimekuja."

"Umefanya vizuri." Macho yake yaliteremka hadi kwenye mfuko wa ngozi, yakachangamka kidogo. Akanyoosha mkono, na Fundi akamwekea redio kifuani. Vidole vilikuwa vinaijua njia. Vikalipata gurudumu la sauti, vikalizungusha hadi mwisho, na kaka akageuza sikio kulielekeza kwenye yale matundu. Akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu sana, uso umekunjamana, akiutafuta ule mvumo wake.

"Imekufa hii," akasema.

"Mimi ndiye niliyeiua, kaka. Nisamehe. Mimi ndiye..."

Lakini kaka hakuwa anasikiliza. Aliisukuma redio taratibu kuelekea kwa Fundi, kisha akamshika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo mtu asingeitegemea.

"Bwana, nifanyie hisani. Unakijua kibanda kimoja kule mjini, jirani na kinyozi? Pale yupo mdogo wangu. Fundi. Hakuna fundi kama yule, nakwambia, mji mzima huu. Mpelekee hii. Mwambie ailete mwenyewe."

"Kaka, nitazame. Ni mimi mdogo wako."

Kaka akatabasamu, kwa adabu, asimvunjie mgeni heshima.

"Hapana, bwana. Yule bado kijana." Akaachia mkono, akafumba macho. "Nenda basi. Usikawie njiani, sina siku nyingi."

Fundi akaipokea redio kwa mikono miwili. "Nitampelekea, kaka," akasema. Na hakwenda popote. Alibaki palepale sakafuni, redio mapajani, akalia kwa sauti kama mtoto, mpaka kaka yake akafumbua macho tena na kumtazama mgeni yule kwa huruma, asijue limemsibu nini.